Mashine ya Santuri: Kuukuu au Mpya?

Katika baadhi ya nyumba za Unguja, kuanzia Mji Mkongwe hadi Makunduchi, bado zimo santuri zilizoachwa na wazee. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zao, na tangu hapo santuri za taarab zikaingia majumbani. Anayetaka kuzisikiliza leo hukabiliwa na swali: anunue mashine kuukuu au mpya? Sisi tunashauri aanze na swali jingine: ana santuri za aina gani?

Itambue santuri yako

Santuri za zamani huzunguka mara 78 kwa dakika. Ni nzito, na zikianguka huvunjika kama sahani ya kaure. Zilizofuata ni za plastiki, hupindika kidogo, na huzunguka mara 33 au 45. Mifereji ya santuri za 78 ni mipana, hivyo ncha ya sindano yake huwa nene takriban mara tatu kuliko ya santuri za plastiki. Sindano isiyo yake huchakaza mfereji, na mfereji uliochakaa hautengenezeki.

Mashine kuukuu

Gramafoni ya kutia ufunguo haihitaji umeme, lakini kichwa chake huikandamiza santuri kwa uzito unaozidi gramu 100, na sindano yake ya chuma hubadilishwa kila baada ya upande mmoja. Usiiwekee kamwe santuri ya plastiki.

Mashine kuukuu ya umeme yaweza kuwa imara na yenye kasi zote tatu. Hata hivyo, mkanda wake wa mpira hulegea kwa umri, na hewa ya chumvi ya pwani hutia kutu vyuma na viungio vya nyaya. Kabla ya kununua, hakikisha sindano na mkanda wa aina hiyo vingali vinapatikana.

Tazama pia kibandiko cha umeme. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotengenezewa Marekani hutaka volti 120 na hezi 60. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hezi. Baadhi ya mota zitapunguza mwendo kwa sehemu moja ya sita, na sauti ya mwimbaji itakuwa nzito isiyo yake.

Mashine mpya

Mashine mpya nzuri huigusa santuri kwa gramu 2 hivi tu, na huuzwa ikiwa na dhamana. Lakini nyingi hazina kasi ya 78. Na zilizo nayo mara nyingi huja na sindano ya santuri za plastiki pekee. Uliza pia kama ina kikuza sauti na spika ndani yake. Kama haina, bei uliyotajiwa si gharama yote.

Kabla ya kulipa

1. Nenda na santuri yako moja usiyoithamini sana, uisikilize yote. Sauti ikiyumba, mwendo wa mashine si sawa.
2. Iangalie ncha ya sindano kwa kioo cha kukuzia. Iliyovunjika au kupinda isiguse santuri.
3. Dai risiti yenye jina la muuzaji, aina ya mashine, tarehe na muda wa dhamana. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Mwenye santuri za plastiki pekee, mashine mpya yatamfaa zaidi. Mwenye za 78 anunue mashine yoyote, kuukuu au mpya, iliyo na kasi hiyo na sindano yake. Na kama haja yake ni kuzisikia nyimbo tu, amtafute mwenye mashine sahihi, zirekodiwe mara moja katika simu au kompyuta, kisha santuri zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mbali na jua na unyevu. Za 78 zisisafishwe kwa spiriti, kwani huziyeyusha.