Baba Anapobadilika Ghafla

Sonona kwa mwanaume haiji kila mara na machozi. Mara nyingi huja na hasira. Baba aliyezoea kutaniana na watoto sasa anafoka chumvi ikizidi kidogo. Saa nane za usiku yuko macho. Analalamika kichwa na mgongo, akipimwa hakionekani kitu. Pombe imeongezeka. Kijana wa bodaboda anaendesha kama mtu asiyejali kufika. Nyumbani watu husema ana kiburi, au amepata mwanamke nje. Pengine ni kweli. Lakini hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na mambo aliyoyapenda, mpira, bao au shamba lake, yakawa hayamvutii tena, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya.

Hata hivyo, ugonjwa hauhalalishi kipigo. Mama na watoto wakiwa hatarini watafute kwanza mahali salama.

Wanaume wengi hukataa tiba ya mazungumzo kwa kuwa hawajui kinachofanyika humo ndani. Wanadhani wataambiwa ni vichaa, au siri zao zitafika mtaani. Mnasihi anafungwa na maadili ya kazi kutunza siri. Anaweza kuwashirikisha wengine hasa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Mnakaa, mnazungumza, kwa kawaida kama saa moja. Atauliza kuhusu usingizi, chakula, pombe, ugomvi, madeni. Kisha mnachagua tatizo moja la kuanza nalo. Tuseme ni deni: unadaiwa na nani, kiasi gani, na nani wa kumwomba muda kwanza? Unaondoka na jambo dogo la kutekeleza, na mkikutana tena mnatazama limefanikiwa au limekwama wapi. Binafsi naona njia hii inamfaa sana mwanaume aliyelelewa kwa neno “jikaze”, maana inaanzia kwenye jambo la kufanya. Yaliyo moyoni hufuata yenyewe akishazoea.

Tena si lazima anayesikiliza awe daktari. Zimbabwe, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa Harare kutoa msaada wa aina hii wakiwa wamekaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliopita kwa bibi hao walikuwa na dalili chache sana za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Jambo linalosikitisha ni kwamba wengi mno wa waliohudumiwa katika utafiti huo walikuwa wanawake. Benchi lilikuwapo, wanaume wachache tu ndio waliokuja.

Kwa hiyo msimwachie peke yake uamuzi wa kwenda. “Una matatizo, katafute msaada” humfanya ajifunge zaidi. Afadhali mke aseme, “Baba Asha, naona hulali. Kesho nakusindikiza kituo cha afya.” Rafiki naye anaweza kumpitia asubuhi waende wote. Akiandikiwa dawa, ajue kuwa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na asiziache ghafla akipata nafuu bila kumwona daktari. Pombe haipatani nazo.

Duniani, wanaume wanaokufa kwa kujiua ni takriban mara mbili ya wanawake. Akianza kusema amekuwa mzigo, akagawa vitu vyake au kuaga bila safari, muulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa nafasi ya kusema. Ondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu wa shambani, au mzifungie mahali asipofika. Asiachwe peke yake. Walio Kenya wapige 1199, simu ya Msalaba Mwekundu. Kwingineko, mpelekeni hospitali iliyo karibu mara moja; hata ikiwa ni usiku, msingoje kukuche.