Ukimya Kuhusu Hatari Kazini Miongoni mwa Wafanyakazi wa Usafirishaji: Mfano wa Simiyu

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, barabara za Mkoa wa Simiyu huelemewa. Malori hutoa pamba vijijini Maswa, Itilima na Meatu kuipeleka viwandani. Mabasi madogo na bodaboda huunganisha Bariadi na Lamadi, inakopita barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Katika kazi hiyo tairi kipara huonwa na wengi kabla halijapasuka, na hakuna anayelisema.

Ukimya huo si ujinga. Dereva analijua gari lake kuliko mkaguzi yeyote. Hunyamaza kwa sababu mwenye gari hudai hesabu ile ile kila jioni, na siku ambayo gari limelala gereji hakuna hesabu wala posho. Akilalamika, deiwaka yupo stendi akisubiri ufunguo. Mwendesha bodaboda wa mkataba naye akiisimamisha pikipiki hurefusha deni lake mwenyewe. Utingo hana hata karatasi ya ajira. Aliyempa kazi ni dereva. Amshtaki nani, kwa nani?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa stendi alfajiri, funguo zinapokabidhiwa.

Hatari iliyonyamaziwa hufika hospitalini kwa jina jingine. Majeruhi husema "nimeanguka", na daftari huandikwa "ajali ya barabarani". Hapo hupotea jambo kubwa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008, huchangiwa na mwajiri peke yake na hulipia jeraha au ugonjwa uliotokana na kazi. Pasipo kumbukumbu kwamba mtu aliumia kazini, dai lake hudhoofika tangu mwanzo.

Kwa hiyo mtoa huduma asiishie kwenye "umeumiaje?" Aulize: ulikuwa ukimfanyia kazi nani? Siku hiyo uliamka saa ngapi? Breki zilikuwaje juma lililopita? Maswali haya yaulizwe mwenye gari akiwa nje ya chumba, maana pengine ndiye aliyemleta majeruhi na ndiye atakayelipa bili. Mgonjwa naye aambiwe mapema kwamba maelezo yake ni siri ya tiba. Kwa bodaboda jambo ni gumu zaidi, kwani mara nyingi mwenye pikipiki hajioni kuwa mwajiri. Hata hivyo, kazi aliyokuwa akiifanya majeruhi iandikwe.