Ras Mkumbuu: Magofu, Mikoko na Bahari Yake

Mtu atokaye Chake Chake kwa chombo, akaifuata hori ipitayo baina ya mikoko hata akafika mahali maji yanapofunguka na kuwa ghuba, ataona upande wake wa kuume ukanda mrefu mwembamba wa nchi kavu, ulionyoshwa kuelekea magharibi kama mkono wa mtu aonyeshaye njia. Na mwisho wa ukanda huo, ukishapita kijiji cha Ndagoni, ndipo ilipo Ras Mkumbuu. Kusini yake ni ghuba ya Chake Chake, kaskazini yake ni maji yaendayo hata pande za Mtambwe, na mbele yake ni kisiwa kidogo cha Misali, ambacho nyuma yake kuna mkondo wa Pemba, wenye kina kipitacho mita 700, unaokitenga kisiwa cha Pemba na nchi ya mrima.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya wakazi wa rasi hiyo na jirani zao, kwa walimu na wanafunzi, na kwa kila mgeni atakayejaaliwa kukanyaga hapo, ili wajue ni kitu gani kilicho chini ya miguu yao na kwa sababu gani hakifai kuguswa ovyo. Neno tutakalolishikilia tangu mwanzo ni kwamba magofu, mwamba, mikoko na bahari ya mahali hapa ni jambo moja, kwani mji ule wa kale ulijengwa kwa vitu vilivyotolewa baharini, ukalishwa na bahari hiyo hiyo, na hata leo usalama wa mawe yake umefungamana na usalama wa mwamba na mikoko iliyouzunguka.

Huenda mtu akauliza, watu wa kale waliona nini katika ncha hii ya nchi, iliyo mbali na mashamba ya katikati ya kisiwa, hata wakaweka hapo msikiti wa Ijumaa na makaburi ya wakubwa wao? Jawabu limo katika pepo. Kaskazi huanza kuvuma kwenye mwezi wa Disemba, ikavileta vyombo kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi huingia baada ya hapo, kwenye Aprili, ikavirudisha makwao. Na baharia aliyechelewa kumaliza biashara yake hana budi kungoja msimu mwingine. Basi rasi inayolala toka mashariki kwenda magharibi ina fadhila yake kwa watu wa namna hiyo, kwa maana wakati wa kusi upande wake wa kaskazini hupata kivuli cha upepo, na wakati wa kaskazi upande wa ghuba ndio hutulia, na vyombo vya zama zile havikuhitaji gati, ila mchanga laini wa kupandia maji yakijaa na kukalia maji yakipwa.

Habari za kale za kisiwa cha pande hizi zimo katika maandishi ya Waarabu. Al-Masudi, msafiri na mwandishi wa taarikh aliyezaliwa Baghdad, alifika mahali palipoitwa Qanbalu, na safari yake ya mwisho kutoka huko kurejea Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, nao ni mwaka 916 au 917 wa Miladi. Alieleza kwamba wakazi wa kisiwa hicho walikuwamo Waislamu waliokuwa wakisema lugha ya Zanji, na juu ya bahari yenyewe alitoa ushahidi mzito, kwamba katika bahari zote alizozisafiri hakuona iliyo na hatari kuliko hii ya Zanji. Zama za karne ya 13 Yaqut al-Hamawi, katika kamusi yake kubwa ya miji, akakitaja kisiwa kinachoitwa al-Jazira al-Khadra, yaani Kisiwa cha Kijani, akasema kina miji miwili, na majina aliyoyatia yanafanana sana na Mtambwe na Mkumbuu. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Qanbalu ni Pemba, na baadhi yao huielekeza moja kwa moja kwenye rasi yetu. Lakini hata wale wanaosita katika hili la pili hawasiti katika la kwanza, nalo latosha kuipa nchi hii heshima ya kuwa miongoni mwa makao ya kale ya Uislamu kusini ya Ikweta.

Na sasa tuyaangalie mawe yenyewe, kwani hayo ndiyo yaliyobaki. Msikiti umeanguka sehemu kubwa, ila mpango wake ungali ukifuatika katika kuta zilizosalia, na mihrabu yake imeelekezwa kaskazini. Wageni aghlabu hulistaajabia hilo, kwa kuwa wamezoea kufikiri kwamba kibla ni mashariki. Lakini atakayeitazama ramani ataona kwamba Pemba na Makka ziko karibu kabisa katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hata imamu aliyesimama hapa aliuelekeza uso wake juu ya maji ya Mtambwe, na mbele ya hapo juu ya pwani ya bara na nchi ya Uhabeshi na Bahari ya Sham. Karibu na msikiti kuna makaburi yenye minara, ambayo ni mtindo wa Waswahili wenyewe: ukuta mfupi huzunguka kaburi, na upande mmoja husimamishwa nguzo ndefu ya mawe na chokaa. Katika makaburi ya namna hii pwani nzima ilikuwa desturi kutia ndani ya chokaa mbichi mabakuli ya kaure yaliyotoka Uchina, na hata pale ambapo bakuli limeng'olewa na mikono ya watu, duara lake hubaki katika chokaa.

Ukilikaribia jiwe la ukuta kwa jicho utaona kwamba lina matundu madogo madogo yaliyopangika, na hayo ni makao ya wadudu wa baharini waliolijenga tumbawe walipokuwa hai. Mafundi wa kale walitumia mawe ya namna mbili. Kwa kuta walichimba mawe magumu ya nchi kavu, ambayo ni mwamba wa zamani uliokauka. Na kwa mihrabu, vizingiti na kila mahali palipotakiwa nakshi walikata tumbawe laini chini ya maji, wakalichonga lingali bichi, kwa sababu likikauka huwa gumu na haliridhii tena patasi. Chokaa ilitoka katika matumbawe hayo hayo: magogo yalipangwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa, na yaliyoungua yakaachwa kupigwa na umande na kumwagiwa maji hata yakawa unga. Dari, ambazo hazipo tena, zilishikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita tatu, vyumba vya nyumba za mawe katika pwani yote ya Waswahili vilikuwa virefu vyembamba. Kwa hiyo tunaweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba mti wa matopeni ndio uliowapimia watu upana wa nyumba zao.

Mji huu ulikwisha kuachwa kwenye karne ya 16. Baadaye mwitu ukaufunika, na wenyeji wakabaki na heshima ya mahali ijapokuwa majina ya waliozikwa yalikuwa yamepotea. Meja Pearce, aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Waingereza Unguja, aliyaeleza magofu haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1920. Katika miaka ya 1950 James Kirkman akafukua hapo. Na mwaka 1984 Mark Horton na wenzake wakafanya kazi katika Pemba, wakatambua kwamba chini ya kuta zionekanazo kuna tabaka za makao yaliyotangulia. Mwaka huo huo, huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji upande wa kaskazini, ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa pwani hii hii, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali za Kiislamu. Faida yake kubwa kwa elimu haikuwa thamani ya fedha yake. Ilitokana na kuonekana mahali pake, katika tabaka lake, pamoja na vigae vilivyokuwa karibu nayo, ikaweza kuhojiwa kama shahidi. Lau zingaliokotwa moja moja na kuuzwa sokoni, leo pasingalikuwa na mtu wa kutueleza ni nani aliyezipiga wala ni wakati gani.

Tukitoka kwenye mawe tuje kwenye maji, kwani hatari iliyo kubwa ya rasi yatoka huko. Wimbi linapotoka kilindini likakaribia maji machache, sehemu yake inayogusa chini hupunguza mwendo ilhali sehemu iliyo katika kina huendelea, na kwa hivyo wimbi zima hujipinda. Na kila palipo na ncha ya nchi mawimbi hujipinda kuielekea kutoka pande zote mbili, nguvu yake ikakusanyika hapo, wakati ndani ya ghuba nguvu hiyo hiyo hutawanyika na maji yakatulia. Hii ndiyo tabia ya kila rasi duniani. Kinachoikinga ni mwamba ulio nje, unaolivunja wimbi kabla halijafika, na mikoko iliyo pembezoni, ambayo mizizi yake hukamata tope na kuuzuia ukingo usimomonyoke. Katika pande hizi bamvua huweza kupandisha maji kiasi cha mita nne baina ya kupwa na kujaa; basi mahali ambapo mwamba umevunjwa na mikoko imekatwa, kila bamvua lenye upepo huchukua kidogo cha ardhi, na ardhi ya rasi hii, tofauti na ardhi nyingine, ina makaburi ndani yake.

Ndiyo maana twasisitiza habari ya mikoko. Mkandaa, muia, mchu na mkoko wenyewe kila mmoja una mahali pake, na mchu huonekana kwa mizizi yake midogo inayochomoza topeni ikitafuta hewa. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikarefuka hata ikawa kama kijiti cha kijani, kisha ikaanguka na kujichomeka topeni au kuchukuliwa na maji mpaka pengine. Kwa hiyo mahali palipokatwa miti michache huweza kujiponya penyewe, maadamu miti mikubwa ya kuzaa imebakizwa karibu. Lakini palipofyekwa pote, kwa kuni za kuchomea chokaa au kwa fito za kuuza, tope huchukuliwa na maji, na mche unaokuja baadaye haukuti pa kushika. Atakaye kujenga na aulize kwanza ni wapi panaporuhusiwa kukata, na chokaa aichome kwa mawe ya nchi kavu yaliyochimbwa kwa ruhusa. Asitoe tumbawe hai baharini, wala asithubutu kuligusa jiwe la gofu kwa kuliona liko tayari.

Kuhusu uvuvi, mfano bora uko mbele ya macho, kule Misali, kisiwa ambacho wazee husimulia kwamba Nabii Hidhiri alisali juu yake. Wavuvi wa shehia nyingi za Pemba hupiga dago hapo, na kasa na ng'amba hupanda mchanga wake kutaga. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikifanya kisiwa hicho na maji yake kuwa eneo la hifadhi, sehemu ya upande wa magharibi ikazuiliwa kuvuliwa kabisa, na mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kushika mkondo wa Pemba. Mwaka ule ule wa 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi katika Bahari ya Hindi, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa. Hilo halikuwa katika uwezo wa mvuvi yeyote. Lakini mwamba uliojeruhiwa na joto hauwezi kupona ukiwa unapigwa kwa kigumi, unabururwa juya, au unatiwa utupa, na haya yamo katika uwezo wetu. Masheikh walioshirikishwa Misali kuwafundisha wavuvi kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na haruhusiwi kufanya ufisadi ndani yake walipata kusikilizwa na watu ambao kanuni za maofisa hazikuwagusa, nasi twaona njia hiyo yafaa kuendelezwa katika kila msikiti wa pwani hii.

Waendao kuzuru wachague maji yanayojaa, wapate kushuka bila ya kukanyaga matumbawe. Na waendao kwa nchi kavu wapite Ndagoni na kuwaamkia wenyeji kabla ya kuendelea mbele. Mahali hapa ni maziara: mtu avae nguo za stara, asipande juu ya kaburi wala asiegemee mnara, kwani chokaa ya miaka mamia hulegea kwa uzito mdogo sana, na mzizi mmoja wa mti ulioota ufani hutosha kuuangusha, hata huo mzizi asiung'oe mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi ndio uliobaki ukiyashika mawe. Moto usiwashwe ndani ya kuta. Na mtoto akiokota kigae, ushanga au sarafu, mzazi amwonyeshe namna ya kukirudisha palepale alipokitoa, akatia alama ya kijiti, kisha habari ipelekwe siku hiyo hiyo kwa sheha, naye ataifikisha kwa idara ya mambo ya kale.