Kisiwa cha Ukara

Ukitoka Kisorya, wilaya ya Bunda, unavuka maji ya Rugezi na kufika Ukerewe. Unakwenda hadi Bugolora, unapanda chombo tena, na kushuka Bwisya. Hapo ni Ukara. Kisiwa hiki ni kidogo, kilometa za mraba 80 hivi.

Udongo wa Ukara ni wa kichanga. Umetokana na yale mawe makubwa yaliyojaa kisiwani. Udongo wa namna hii huchoka upesi. Tena watu ni wengi, na pori la kuhamia hakuna. Wazee wa Kikara walifanyaje?

Walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo. Waliwakatia majani na kuwaletea humo humo. Samadi ilipojaa, waliibeba hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, kisha waliufukia uoze udongoni. Kazi hiyo ni nzito, asikudanganye mtu! Lakini shamba lile lile lililimwa kila mwaka.

Hata hivyo, ardhi haikuwatosha wote. Wengi walihamia Ukerewe na bara.

Maswali
1. Kwa nini ng'ombe walifungwa ndani?
2. Samadi ya kijijini kwenu huenda wapi?