Ukoma Si Laana: Somo kwa Mgonjwa na Jamaa Yake

Soma kwanza: Yoane 9:1-7, Marko 1:40-45, 2 Wakorinto 12:7-10.

Ndugu mpenzi, siku munganga alipokuambia neno lile «ukoma», pengine moyo wako ulikufa. Usiku ukajiuliza: «Nilikosa nini? Nani ameniroga? Mungu amenitupa?» Keti kidogo, tuangalie maulizo haya pamoja.

1. Ugonjwa unatoka wapi?
Hautoki kwa mchawi, wala kwa zambi ya baba yako. Unatoka kwa mikrobe, ni kusema kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Munganga Hansen wa Norwe alikiona mwaka 1873. Wanafunzi wa Yesu nao, walipoona kipofu, waliuliza nani alifanya zambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Hakutafuta mtu wa kushitaki. Alifanya udongo, akampaka machoni, akamtuma kunawa.

2. Dawa iko.
Kamata dawa bila kuacha: miezi 6 kama mabaka ni machache, miezi 12 kama ni mengi. Toka mwaka 1995 dawa hii inatolewa bure katika dunia yote. Ukianza kuikamata, upesi hutaambukiza tena watu wa nyumba yako. Basi usijifiche. Na ninyi jamaa, msimtengee sahani yake. Bwana Yesu alimgusa mwenye ukoma mbele ya kumtakasa.

3. Maumivu ni mlinzi.
Dawa inaua mikrobe, lakini mara nyingi mikono na miguu iliyokufa ganzi hairudi kusikia. Munganga mmisionari Paul Brand, aliyefika Vellore katika Uhindi mwaka 1946, alionyesha kama vidole haviliwi na ugonjwa. Vinaharibika kwa moto na vidonda ambavyo mgonjwa hasikii. Kumbe maumivu tunayoyachukia ni mlinzi wa mwili! Mlinzi huyu akilala, macho yako yakeshe:
– Kila jioni angalia nyayo zako.
– Lowesha miguu katika maji baridi dakika 20, kisha paka mafuta ya mawese.
– Shika sufuria kwa kitambaa.
– Usitembee bila viatu.
– Ukiona kidonda, pumzisha mguu, kuja lopitali.

4. Mwiba unaobaki.
Hatutakudanganya. Wengine wanapona, lakini vidole vinabaki vimekunjamana. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondoka, lakini alipewa neema ya kuuchukua. Yobu naye hakuambiwa sababu ya mateso yake. Tumaini la Mkristo si kusema mateso ni mazuri. Ni kujua kama Mungu yuko pamoja naye ndani ya mateso, na kazi yake haijaisha.

Nani atatambua mapema baka lisilosikia kwenye ngozi ya mtoto wa jirani? Wewe. Nani atamshika mkono yule anayejificha nyuma ya nyumba? Wewe, juu ulipita njia ile. Akija kwa dawa mapema kwa neno lako, vidole vyake vitabaki vizima. Hapo machozi yako yamezaa matunda.

Maulizo
1. Yesu alijibu nini juu ya zambi ya kipofu?
2. Sababu gani tunaangalia nyayo kila jioni?
3. Katika kijiji chako, nani anajificha? Utaenda kumwona siku gani?