SIMU YAKO NI NUSU YA DAFTARI
Somo la hesabu za nyumbani kwa wanakisomo

Leo tutajifunza namna ya kufuatilia matumizi ya pesa kwa kutumia simu na daftari. Soma polepole. Kama uko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuate kwa kidole. Chukua kalamu, maana leo kuna kujumlisha na kutoa.

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii sote tunaijua. Lakini je, tunaifuata? Hebu tusikie habari ya nyumba moja.

NYUMBA ILIYOTAKA KUVUNJIKA

Mwaka jana, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, walikuja kwangu mume na mke. Ni wakulima wa alizeti katika kijiji kimoja cha Singida. Wote wawili wamehitimu darasa letu la kisomo. Niliwaamkia, wakaitika, kisha wakakaa kimya. Nikajua hapa kuna jambo.

Baba akaanza. "Mwalimu, mwezi wa Juni tuliuza magunia 8 ya alizeti, kila gunia shilingi 70,000. Mnunuzi alitutumia pesa zote kwenye simu. Leo nimeangalia salio nimekuta shilingi 14,000. Pesa ya kulima haipo. Huyu mwenzangu amemtumia kaka yake hela zetu."

Mama akajibu, "Mwalimu, kaka yangu aliumwa, na baba watoto mwenyewe alikubali tumsaidie. Lakini haikuwa zaidi ya 50,000. Yeye namba ya siri anaijua. Aulizwe jioni huwa anakwenda wapi."

Walikuwa wamegombana siku tatu. Mama alikuwa ameshafunga nguo zake arudi kwao. Sikutaka kuamua nani mkweli. Niliuliza swali moja tu: "Ujumbe wa simu mmeufuta?"

Wakasema hawajaufuta. Basi tukachukua daftari, tukaanza kuandika.

SIMU INAANDIKA KILA KITU

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaanza hapa Tanzania. Leo kampuni nyingine za simu nazo zina huduma za namna hiyo. Wengi wetu tunaitumia simu kama mfuko wa kuwekea pesa. Tunasahau kwamba mfuko huu una tabia ya pekee: unaandika.

Kila pesa inapoingia, simu hupata ujumbe. Kila inapotoka, hupata ujumbe. Ujumbe huo huwa na mambo haya: kiasi cha pesa, jina la mtu au wakala, tarehe na saa, makato, na salio lililobaki. Hivyo ni kama karani anayekuandikia bila kuchoka. Lakini karani huyu haji kukusomea. Sharti umsome mwenyewe.

Tulisoma ujumbe mmoja mmoja, kuanzia Juni hadi Agosti. Mama alisoma, baba aliandika. Tulipomaliza, hesabu ilikuwa hivi:

Pesa iliyoingia: magunia 8 × 70,000 = 560,000

Pesa iliyotoka:
Sare na madaftari ya watoto: 85,000
Deni la kulimiwa kwa ng'ombe: 60,000
Mabati 4: 112,000
Kaka mgonjwa: 50,000
Kutoa taslimu kwa wakala, mara 23: 186,000
Makato ya kutoa hizo mara 23: 22,000
Vocha na vifurushi, mara 31: 31,000
Jumla: 546,000

Sasa tutoe: 560,000 – 546,000 = 14,000. Ndiyo salio lililokuwa kwenye simu. Hakuna hata shilingi moja iliyoibwa.

Baba alitazama daftari muda mrefu. Kaka mtu alipata 50,000 tu, kama mama alivyosema. Halafu tukakumbushana tarehe za kutoa taslimu. Kumbe baba alikwenda kwa wakala mara 12, na mama mara 11. Mara 7,000, mara 10,000, mara 5,000. Hakuna aliyemwambia mwenzake, si kwa ubaya, ila kila mmoja aliona ni kidogo tu.

Hebu jumlisha hivyo vidogo vitatu: 186,000 + 22,000 + 31,000. Unapata 239,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi 42 katika kila shilingi 100 walizouza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba pia hukimaliza.

KWA NINI NASEMA NI NUSU?

Niliwauliza, "Hizo 186,000 za taslimu mlinunulia nini?" Wakakumbuka sukari, mafuta ya taa, dawa, mchango wa msiba, soda. Walipojumlisha waliyoyakumbuka, haikufika hata nusu.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa la leo. Simu inajua pesa ilipotoka. Haijui ilikokwenda. Ukimlipa mtu kwa simu, jina lake limeandikwa. Lakini ukitoa taslimu kwa wakala, simu inaandika "umetoa 8,000", basi, imeishia hapo. Sokoni haikufuati. Nusu ya pili ya daftari ni kazi yako wewe.

Kwa hiyo usiseme, "Nina simu, daftari la nini?" Wala usiseme, "Nina daftari, ujumbe wa nini?" Viwili hivi ni kama jembe na mpini.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza: Usifute ujumbe wa pesa kabla hujauandika. Simu ikijaa, futa salamu na matangazo kwanza.

Hatua ya pili: Chora mistari katika daftari upate nafasi nne. Ya kwanza Tarehe, ya pili Jambo, ya tatu Iliyoingia, ya nne Iliyotoka. Makato yaandike kwa mstari wake peke yake, usiyachanganye. Ukiyachanganya hutajua yanakula kiasi gani.

Hatua ya tatu: Ukitoa taslimu, andika ulichonunua siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Kesho utasahau.

Hatua ya nne: Mara moja kwa wiki, kaeni mume na mke, au wewe na unayeishi naye, mjumlishe. Kisha angalieni salio la simu. Kwa M-Pesa piga *150*00#, kwa Airtel Money piga *150*60#, kisha tafuta palipoandikwa habari za akaunti yako. Hapo kuna salio, na pia taarifa fupi. Lakini taarifa fupi huonyesha miamala michache ya karibuni tu. Haitoshi kwa miezi miwili. Ndiyo maana tunatunza ujumbe.

Hatua ya tano: Salio la simu, ukiongeza na taslimu iliyo mfukoni, lazima vilingane na daftari. Visipolingana, kuna jambo hukuandika. Tafuta kwa utulivu kabla ya kumtuhumu mtu.

KWA MWENYE SIMU JANJA

Mwenye kitochi anatosheka na kikokotoo kilichomo ndani ya simu yake. Mwenye simu janja anaweza kutumia programu ya majedwali, kama Google Sheets. Jedwali ni daftari lenye mistari iliyokwisha chorwa. Nafasi za kwenda chini zina majina ya herufi: A, B, C, D. Mistari ya kwenda pembeni ina namba: 1, 2, 3.

Andika Tarehe katika A1, Jambo katika B1, Iliyoingia katika C1, Iliyotoka katika D1. Anza kujaza hesabu zako mstari wa 2. Kisha katika chumba E1 andika hivi:

=SUM(C2:C200)-SUM(D2:D200)

Maana yake ni: jumlisha zote zilizoingia, jumlisha zote zilizotoka, kisha toa. Katika nafasi za C na D andika tarakimu tupu, bila neno shilingi. Kila ukiongeza mstari, chumba hicho kitabadilika chenyewe kikuonyeshe kilichobaki. Kama hujui kuanza, mwombe mwanao wa sekondari akuonyeshe mara moja. Si aibu. Sisi nasi tuliwafundisha kutembea.

JIHADHARI

Namba ya siri usimpe wakala wala mtu anayepiga simu akisema ni mfanyakazi wa kampuni. Mfanyakazi wa kweli haiulizi. Ukipata ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii", usitume. Upeleke ujumbe huo kwenye namba 15040 ili mamlaka ifuatilie.

Ziko pia programu zinazokuja kwa jina la kukusaidia hesabu, kumbe zinataka kukukopesha. Ukiziweka zinaomba kusoma ujumbe wako na majina ya watu wote uliowaandika kwenye simu. Ukichelewa kulipa, jamaa zako wanapigiwa na kutukanwa. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na mifumo 69 iliyokuwa ikikopesha mtandaoni bila kibali. Kwa hiyo programu ya kuhesabu matumizi ikikuomba kusoma ujumbe wako, jiulize kwanza: ya nini? Jedwali la kawaida halihitaji ruhusa hiyo.

SASA TUPANGE BAJETI

Kujua pesa ilikokwenda ni kuangalia nyuma. Bajeti ni kuangalia mbele. Ni kuipa kila shilingi kazi kabla haijatoka.

Wale wakulima walikuwa na magunia 2 yaliyobaki ndani. Waliyauza mwezi wa Septemba kwa 75,000 kila moja, wakapata 150,000. Safari hii waliandika kwanza:

Kulima na mbegu: 90,000
Shule: 18,000
Matumizi ya nyumbani, miezi 3 × 10,000: 30,000
Makato: 4,000
Dharura: 8,000
Jumla: 150,000

Pia walikubaliana mambo mawili. La kwanza, watatoa taslimu mara moja tu kwa mwezi, siku ya gulio. Kutoa kiasi kikubwa mara moja kuna makato madogo kuliko kutoa kiasi hicho hicho vipande vipande. Bei za makato huwa zimebandikwa kwa wakala. Zisome, wewe sasa unajua kusoma. La pili, kabla ya kutoa, kila mmoja atamwambia mwenzake.

Nilipita kwao mwezi wa Novemba. Mvua ilikuwa imeanza. Mama akaniletea daftari kabla hata sijaketi. Pesa ya kulima ilikuwa 86,500. Nikauliza, 3,500 iko wapi? Baba akanionyesha mstari: mtoto aliugua, dharura ikaisha, wakaongeza 3,500 ya dawa kutoka fungu la kulima. Tarehe ipo na kiasi kipo. Hawakugombana, kwa sababu hapakuwa na la kubuni.

Ndugu msomaji, na mimi nikuambie ukweli. Walipoondoka kwangu siku ile ya Agosti, nilifungua simu yangu nikahesabu vifurushi nilivyonunua mwezi ule. Sitakutajia kiasi. Mwalimu aliyefunzwa chuoni, na daftari sina! Tangu siku hiyo ninalo, na mke wangu hulikagua kila Jumapili.

MANENO YA KUKUMBUKA

Muamala: tendo lolote la kuingiza, kutuma au kutoa pesa.
Makato: pesa inayochukuliwa kwa ajili ya huduma.
Salio: pesa iliyobaki.
Taslimu: pesa ya mkononi, noti na sarafu.
Bajeti: mpango wa pesa kabla ya kuitumia.

MASWALI

1. Ujumbe wa pesa kwenye simu una mambo gani?
2. Kwa nini tunasema simu ni nusu ya daftari?
3. Mtu ametoa 6,000 kwa wakala mara 5. Tuseme makato ni 900 kila mara. Amekatwa jumla kiasi gani?
4. Tuseme angetoa 30,000 mara moja kwa makato ya 2,000. Angeokoa kiasi gani?
5. Mjadala wa kikundi: Je, ni vema mume na mke wote kuijua namba ya siri ya simu yenye pesa ya nyumba? Kila mtu atoe sababu zake.

ZOEZI LA NYUMBANI

Soma ujumbe wa pesa wa siku 7 zilizopita. Uandike katika nafasi nne. Jumlisha, toa, linganisha na salio. Njoo na daftari lako darasani, tulisome pamoja.

Majibu: Swali la 3: 4,500. Swali la 4: 2,500.