Kurudishwa Mpakani: Somo la Hesabu 20:14–21



Jumapili iliyopita tulimwombea dada yetu wa kwaya ambaye alirudishwa mpakani akiwa njiani kwenda Grand Rapids, Michigan, kumwona mama yake mgonjwa. Tangu siku hiyo tumesikia mengi kwenye maegesho ya magari na kwenye simu. Wengine wanauliza alifanya kosa gani. Wengine wanasema ni roho ya mipaka, afunge siku tatu. Na ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alimshauri ajaribu daraja lingine na aseme anakwenda madukani tu. Basi tumeomba ruhusa kwa dada mwenyewe, naye ametukubalia tulifanye jambo lake kuwa somo la wiki hii, kwa sharti tusitaje jina.

Tufungue Hesabu 20. Israeli wako Kadeshi. Musa anatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba njia. Tazameni jinsi anavyoomba. Anaanza na undugu, kwa maana Edomu ni uzao wa Esau, nduguye Yakobo. Anaeleza taabu za Misri bila kuficha. Anaahidi kwamba hawatakanyaga mashamba wala mizabibu, hawatakunywa maji ya visima, watashika barabara kuu bila kugeuka kulia wala kushoto. Edomu anakataa. Wanaomba mara ya pili, safari hii wakisema watalipia hata maji ya mifugo. Edomu anatoka na jeshi. Na Israeli wanafanya nini? Wanageuka na kuondoka. Watu waliovuka bahari kwa miguu wanageuzwa mpakani na ndugu yao, na andiko halisemi kwamba walikuwa na dhambi katika ombi lile.

Hilo ndilo la kwanza tunalotaka lisikike kanisani kwetu. Kurudishwa mpakani si ushahidi wa uovu wa mtu.

Habari ya dada yetu ni hii. Miaka ya nyuma aliingia Marekani kwa viza, muda ukaisha, akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2018 alikuja huku Kanada, akaomba hifadhi, akakubaliwa, na sasa ni raia mwenye pasipoti. Alidhani pasipoti mpya imefunika ya zamani, na kusema kweli hata sisi tuliomsindikiza kwa maombi tulidhani hivyo. Sheria ya Marekani haihesabu hivyo. Aliyezidisha muda kwa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, kisha akatoka mwenyewe, hufungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka au zaidi hufungiwa miaka 10, na hesabu huanza siku aliyotoka. Kwa dada yetu ni mpaka 2028. Uraia wa Kanada haufuti hesabu hiyo.

Pale dirishani alichukuliwa alama za vidole na picha, akaandika maelezo chini ya kiapo, akaambiwa hastahili kuingia. Kisha akaruhusiwa kuondoa mwenyewe ombi lake la kuingia na kurudi nyumbani. Ilikuwa saa tano usiku alipopiga simu tukamfuate. Alikuwa amekaa na mfuko wa kitenge alichomshonea mama yake.

Hapa kuna tofauti ambayo kila nyumba yetu inapaswa kuijua. Kuondoa ombi mwenyewe si sawa na kufukuzwa kwa amri. Anayefukuzwa kwa amri ya haraka mpakani kwa kawaida hufungiwa miaka 5. Na anayesema uongo kwa afisa juu ya jambo la maana ili apate kuingia hujiongezea kizuizi kisicho na tarehe ya kwisha. Sasa mrudieni ndugu yetu wa daraja lingine. Ushauri wake ungemtoa dada katika kizuizi kitakachoisha 2028 na kumtia katika kizuizi cha maisha. Tena kompyuta za madaraja yote ni moja. Ndugu huyo tumeshazungumza naye, ametuelewa, na alicheka mwenyewe, tusimwandame.

Je, kuna mlango? Upo. Sheria inaruhusu mtu aliyezuiwa kuomba msamaha wa kuingia kwa muda, ambao wengi wetu tunauita weva. Kwa raia wa Kanada ombi hufanywa kwa fomu I-192, kwa mtandao au kwenye kituo cha mpakani kilichoteuliwa, na hata ukiituma kwa mtandao lazima ufike kituoni kutoa alama za vidole. Huambatanishwa na uthibitisho wa uraia, taarifa ya polisi wa taifa wa Kanada, na barua yako ya kujieleza. Ada ni kubwa na hairudishwi hata ukikataliwa. Wale ambao bado si raia, wenye ukaazi tu, njia yao ni nyingine: huanzia kwenye maombi ya viza ubalozini. Na ambaye kesi yake ya hifadhi haijaisha asikaribie mpaka kabla ya kuzungumza na wakili. Wakili, tunasema, si yule kijana anayejaza fomu kwenye duka la simu.

Ombi halikatwi na afisa wa dirishani. Huenda kwenye ofisi maalumu, nako hupimwa kwa mambo matatu yaliyowekwa na baraza la rufaa za uhamiaji la Marekani mwaka 1978: hatari ambayo mtu anaweza kuileta kwa jamii, uzito wa kosa lake la zamani, na sababu ya kutaka kuingia. Kesi yenyewe ilimhusu mwanamke wa Kanada aliyekuwa amefukuzwa kwa sababu ya ukahaba, akaomba kwenda kutembelea ndugu zake. Baraza lilimkubalia, likasema pia kwamba sababu ya mtu si lazima iwe nzito kupita kiasi. Tulipomsomea dada yetu habari hii alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe kumwona mama kunatosha?" Kunatosha kuwa sababu. Jibu lenyewe hakuna wa kuliahidi.

Kisha ni kungoja, na kungoja kwenyewe ni miezi, kwa wengine kunapita mwaka. Hapa ndipo Israeli walipoumia. Mara baada ya Edomu kuwakatalia, Haruni alikufa mlimani Hori, wakaomboleza siku thelathini. Walipoanza kuizunguka nchi ya Edomu, sura ya 21 inasema mioyo yao ilichoka kwa sababu ya njia, wakaanza kunung'unika. Tunawaelewa. Mama wa dada yetu ni mgonjwa kweli, na inawezekana weva ikaja akiwa hayupo. Tusimwambie dada kwamba Mungu hataruhusu hilo. Hatujaambiwa.

Someni pia Nehemia sura ya 1 na ya 2. Alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akapata nafasi kwa mfalme mwezi wa Nisani: kama miezi minne ya kufunga na kulia huku akiendelea na kazi yake ya kubeba kikombe. Lakini mfalme alipomwuliza anataka nini, jibu lilikuwa tayari. Alisema aendako, sababu yake, na muda atakaokaa, akaomba na barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Miezi ile hakuwa anaomba tu, alikuwa anapanga pia. Dada yetu amekwisha kuandika barua yake mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na kilio kingi na tarehe chache.

Na kuhusu maafisa: Kumbukumbu la Torati 23:7 inawakataza Israeli kumchukia Mwedomi, kwa kuwa ni ndugu. Edomu yule yule. Katika maombi ya Jumatano tuache kumwita afisa yule Farao.

Mama yuko macho zaidi jioni. Kila Jumamosi saa kumi na mbili akina mama wa kwaya hukutana nyumbani kwa dada na kumwimbia mama kwa video, na wiki iliyopita alishika kiitikio mpaka mwisho. Wenye nafasi wafike. Kitenge kimetumwa kwa posta.